Kwa Wastani Alikuwepo

Kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia, Gislaine huosha barakoa za mpira kwa sabuni isiyo na harufu, huzianika juu ya taulo jeupe, kisha huchukua bomba la sindano la lita tatu, nene kama paja la mtu, na kuisukumia hewa mashine ya kupimia pumzi. Husukuma, huvuta, husukuma tena, mpaka kompyuta ikubali kwamba lita tatu ni lita tatu. Ndipo hunywa kahawa. Chumba chake kiko ghorofa ya pili ya Hospitali ya Santa Eulália, mjini Pedra Lisa, kaskazini mwa jimbo la Minas, na dirisha lake linatazama maegesho ya magari na mlima uliochimbwa chuma mpaka ukabaki nusu.

Asubuhi moja ya Agosti, mgonjwa wa kwanza alikuwa Orozimbo Pires, mfuga ng'ombe na mtengeneza jibini kutoka Brejo das Antas, safari ya saa tano kwa basi. Moyo wake ulikuwa umevimba na kuchoka. Utotoni alilala katika nyumba ya fito na udongo, na katika nyufa za ukuta aliishi mdudu ambaye watu wa kule humwita kinyozi, kwa kuwa hupenda kuuma usoni. Kinyozi huuma mara moja, na moyo hulipia miaka thelathini baadaye. Orozimbo alikuwa amekuja kupimwa ili ijulikane kama jina lake lipelekwe kwa jopo linaloamua nani aingie katika orodha ya kungojea moyo mwingine.

Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Seu Orozimbo," Gislaine alimwambia, kwa neno la kule la kumheshimu mwanamume, "hapa umekuja kutoka jasho. Nani kakwambia kuna harusi?"

"Sasa dada, kwa dokta mtu aende kama anaenda zizini?"

"Vua. Dokta kashaona vifua vingi, chako hakitamshtua."

Dokta mwenyewe, Marilda Quintão, alisimama kando ya skrini akijifanya anasoma. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba, anayependa mambo yaliyopimwa na asiyependa mambo yanayodhaniwa. Alikuwa naibu wa mkuu wa idara, na ilikuwa inajulikana kwamba mkuu akistaafu, kiti kitakuwa chake.

Gislaine alimbandika Orozimbo waya kifuani, akamfunga barakoa puani na mdomoni, akaunganisha mrija mwembamba unaopeleka pumzi kwenye mashine, akamvalisha raba za hospitali. Mkanda wa kutembelea ukaanza kuzunguka polepole.

"Haya baba, tembea. Fikiria unamfuata ng'ombe mwizi. Kaza! Kaza, usiniangushe mbele ya dokta!"

Kwenye skrini kila pumzi iliandikwa kama nukta. Kwa mtu mzima wa afya nukta hizo hupanda kama ngazi. Za Orozimbo zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, zikashuka, kwa mawimbi marefu yaliyochukua karibu dakika moja kila moja. Marilda alijua sababu yake. Ubongo hupima damu ili ujue uvute hewa kiasi gani, lakini moyo dhaifu huifikisha damu hiyo ikiwa imechelewa. Ni kama mtu anayeoga katika nyumba ambamo maji ya moto huchelewa kufika: anafungua bomba mno, anaungua, analifunga mno, anaganda, na hapati kamwe maji ya vuguvugu. Alijua pia kwamba wagonjwa wanaopumua hivyo, wengi wao hawafiki mbali, hata kama namba zao nyingine zinaridhisha. Hilo halikuwa maoni yake. Lilikuwa limepimwa katika nchi nyingi.

Mkanda ulipoinuliwa mara ya pili, wimbi lilishuka chini kabisa, na Orozimbo akaondoka.

Alianza kufifia mabegani, kisha miguuni, kisha hakuwepo. Mkanda uliendelea kuzunguka. Mrija ulibaki umenyooka hewani, ukiishia pasipo na kitu, na mashine ikaendelea kuandika nukta ndogondogo za pumzi hafifu. Gislaine alitumia nafasi hiyo kunyoosha shati lililokuwa kitini. Wimbi lilipoanza kupanda, Orozimbo akarudi, akitembea kwa hatua zilezile, na raba za hospitali zikiwa na vumbi jekundu.

"Samahani, dokta," alisema ndani ya barakoa. "Nimetoka bila kuaga."

"Si neno," alisema Marilda.

"Kuna mtu kaacha lango la ndama wazi. Nikaona nilifunge."

"Usiongee, baba, tembea," alisema Gislaine. "Na ukienda tena, ukirudi futa miguu. Mkanda huu nausafisha mimi."

Alikwenda tena, na tena, kila wimbi liliposhuka, mpaka miguu ilipokataa na mkanda ukasimamishwa. Kila aliporudi aliomba radhi. Alipovuliwa barakoa uso wake ulikuwa umejaa aibu, kama mgeni aliyesinzia mezani.

Hakuwa wa kwanza. Katika chumba kile walikuwa wamepita mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa akienda kuzima jiko, na mfua nguo aliyerudi na vibanio mkononi, na wengine. Idara ilikuwa na namna yake ya kuwashughulikia. Mkuu wake, Dokta Heitor Vilhena, aliyekuwa amemfundisha Marilda na nusu ya madaktari wa moyo wa upande ule, alipenda grafu safi. Zamani sana aliagiza kwamba mashine ichukue pumzi zote za sekunde sitini, izitafutie wastani, na ichore nukta moja. Wimbi la dakika moja likiwekwa katika wastani wa dakika moja hutoweka lote. Kilele hujaza bonde, na kinachobaki ni mstari unaopanda taratibu, unaofaa kuwekwa ukutani. Chini ya mstari huo mtu aliyeandika ripoti aliongeza kwamba mgonjwa alikuwa na wasiwasi kiasi. Hapakuwa na uongo katika ripoti hizo. Kwa wastani, kila mmoja wao alikuwepo.

Ripoti za miaka ya karibuni zilikuwa zimetiwa sahihi na Marilda.

Mchana ule, Gislaine alipokwenda kula, Marilda aliketi peke yake mbele ya kompyuta akaiambia ichore upya kipimo cha Orozimbo bila wastani. Mawimbi yakajitokeza, makubwa na ya wazi, kiasi kwamba hata mtu asiyejua kusoma grafu angeyaona. Namba ya oksijeni ya Orozimbo ilikuwa imevuka kidogo mpaka ambao jopo hutumia kuwakataa watu, yaani kwa namba hiyo peke yake alionekana ana nguvu za kutosha. Kwa mawimbi hayo angeingia katika orodha. Kazi yote ilikuwa kuichapisha picha ile na kuiambatanisha.

Alifikiria watakachouliza. Watauliza mawimbi haya yalianza lini kuonekana katika hospitali hii. Mtu mmoja, labda yule daktari kijana wa upasuaji anayependa kuuliza, atasema: basi tuwachore upya na wale wengine. Marilda alijua majina ya wengi wa wale wengine, na alijua kwamba kuwachora upya kusingewafaa chochote sasa. Alihisi uso wake ukipata moto kuanzia masikioni. Akaizima picha.

Akaamua njia aliyoiona ya busara. Orozimbo angerudia kipimo, mashine ikiwa imewekwa wastani mfupi tangu mwanzo. Mawimbi yangeonekana kama jambo jipya, la mgonjwa mpya, lisilo na jana.

Alimwendea Dokta Vilhena ofisini kwake. Mzee alikuwa akimenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda likishuka zima zima kama utepe.

"Kipimo cha asubuhi kilikuwa na hitilafu," Marilda alisema. "Nataka kurudia. Na safari hii niweke sekunde ishirini."

"Ishirini! Binti yangu, ukianza kuhesabu kila mkoromo hutamwona mgonjwa. Alikuwa anatoka?"

"Alikuwa anatoka."

"Wasiwasi. Mtu wa shamba ukimfunga mpira usoni, roho yake inakimbilia kwao. Hata mimi siku za mwanzo kule mjini Belo Horizonte nilikuwa hivyo." Akamkatia kipande cha chungwa. "Rudia, rudia. Weka hata kumi ukitaka. Ila nitapita kukuona, nina wageni mwezi ujao."

Marilda alipiga simu Brejo das Antas mwenyewe. Aliyepokea alikuwa Dona Nadir, mke wa Orozimbo.

"Nilimwona, dokta," alisema Dona Nadir kabla hajaulizwa. "Niko jikoni nakoroga maziwa, namwona huyo anapita uani na kidude usoni. Nikamwambia: we mwanaume, umemwacha dokta wa watu amesimama, unafanya nini hapa? Hajanijibu, kafunga lango kaondoka. Mara huyo tena! Nimeaibika mimi, uso naficha wapi."

"Hakufanya kosa, Dona Nadir. Tunataka tu kurudia kipimo. Aje kama alivyo, asibadilishe kitu."

"Hatarudia kutoka, dokta. Nakuahidi."

"Namaanisha, akitaka kutoka, atoke. Asijisumbue."

"Mungu akubariki kwa moyo wako," alisema Dona Nadir.

Huko Brejo das Antas, mtu mwenye cheo akimwambia mwenzake asijisumbue, mwenzake hujisumbua mara mbili. Marilda alizaliwa kilomita chache kutoka pale. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na alipoweka simu chini alikuwa tayari ameshaelewa kwamba alipaswa kusema neno la wazi zaidi. Neno hilo lingeanza na: Seu Orozimbo, kutoka kwako ndiko kunakoonyesha ugonjwa wako, na sisi tumekuwa tukikufuta. Hakuipiga simu tena.

Kwa wiki tatu Dona Nadir alimfundisha mumewe kukaa. Asubuhi, wakimaliza kukamua, alimtembeza kati ya zizi na nyumba, yeye akitangulia na kugonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Pigo moja, vuta. Pigo moja, toa. Orozimbo alipoanza kufifia, mkewe aligonga kwa nguvu zaidi na kumtaja babake na mamake. Mwanzoni alimpoteza mara nyingi. Mwishoni aliweza kumfikisha mpaka mlangoni akiwa mzima, amelowa jasho, midomo ikiwa na rangi ya zambarau.

Siku ya kipimo cha pili walikuja wote wawili. Dona Nadir aliketi kitini pembeni, mkoba mapajani, akimtazama mumewe kama mama anavyomtazama mtoto kwenye sherehe ya shule. Mashine ilikuwa imewekwa sekunde ishirini. Gislaine aliwasha mkanda.

"Haya baba, safari hii tukae wote humu humu, ee?"

Wimbi la kwanza lilipanda, likaanza kushuka. Orozimbo alishika vyuma vya pembeni. Mabega yake yakapauka, ukuta wa nyuma ukaonekana kupitia kwake, kisha akavuta pumzi kwa nguvu, pumzi ambayo mwili wake haukuiomba, akarudi kamili. Kidole chake cha shahada kilikuwa kikigonga chuma: moja, moja, moja. Kwenye skrini wimbi lilianza kulala.

Marilda aliona kidole hicho. Aliona mishipa ya shingo. Alijua kwamba mtu huyu alikuwa akitumia nguvu zake za mwisho ili asimkosee heshima. Ilitosha kusogea hatua mbili na kusema: Seu Orozimbo, nenda, tafadhali, nakuomba uende. Alifungua mdomo. Wakati huo mlango ulifunguliwa, akaingia Dokta Vilhena na wageni wake watatu kutoka mji mkuu.

"Na hapa ndipo jikoni kwetu," Dokta Vilhena aliwaambia. Akaitazama skrini. "Ee! Hebu tazameni. Hata kwa sekunde ishirini, mstari umenyooka. Nilikwambia, Marilda, ulikuwa wasiwasi tu."

Marilda aliufunga mdomo.

Mkanda uliposimama, Orozimbo alikaa chini sakafuni, si kitini. Gislaine alimpangusa uso. Ilichukua muda kabla hajaweza kusema.

"Leo sikutoka, dokta. Hata mara moja."

"Nilimwambia," alisema Dona Nadir, "ukitoka leo, huko huko uliko ubaki."

Wageni walicheka. Wote walimgeukia Marilda, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiambiwa.

"Hongera, Seu Orozimbo," alisema.

Alikuwa amewahi kusema maneno mabaya kwa wagonjwa, kama kila daktari: miezi sita, hakuna dawa, mkae naye karibu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomfanya aende msalani baadaye na kunawa mikono mpaka sabuni ikaisha.

Jopo lilikaa Alhamisi ya mwisho ya Septemba, alasiri, katika ukumbi wenye meza ndefu na mashine ya upepo iliyoharibika. Kesi ya Orozimbo ilikuja mwishoni. Dokta Vilhena aliisoma yeye mwenyewe: umri, chanzo cha ugonjwa, dawa, oksijeni, mstari. Alipofika kwenye mstari, Orozimbo akatokea mwisho wa meza. Siku hizo alikuwa hahitaji tena mkanda ili aende. Ilitosha kupanda ngazi ya mlango wa jikoni. Alikuwa na kofia mkononi na gwanda la kukamulia.

"Samahanini, wakubwa. Nilisikia natajwa."

"Karibu, karibu," alisema Dokta Vilhena. "Mpeni kahawa."

Mtu wa karibu na chupa alimmiminia. Orozimbo alikishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, kwa kuwa hakuna aliyeketi aliyekuwa ananywa.

"Umetoka kwako saa ngapi?" yule daktari kijana wa upasuaji alimuuliza.

"Sasa hivi tu, dokta. Nilikuwa mlangoni."

Daktari kijana aliwageukia wenzake. "Kilomita mia tatu na ushei. Kwa pumzi moja."

"Mimi kupanda ghorofa hii tu nimepumzika mara mbili," alisema mjumbe mwingine, na watu wakacheka, na Orozimbo naye akacheka kwa adabu.

Ilikubaliwa kwamba mtu anayeweza kufanya safari ya namna hiyo hana haja ya moyo mwingine kwa sasa, na kwamba mioyo ni michache, na wako wanaofika kwa machela. Atazamwe tena baada ya mwaka. Dokta Vilhena, kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu, alimtazama Marilda. "Dokta Quintão ndiye aliyempima. Una la kuongeza?"

Orozimbo naye alimtazama, akitabasamu, kama anavyomtazama mtu pekee anayemfahamu ukumbini.

"Sina," alisema Marilda.

"Nawashukuruni sana," alisema Orozimbo, akaanza kupauka. Alikuwa na wakati wa kutosha kukiweka kikombe mezani ili kisidondoke.

Uamuzi huo haukubadilishwa. Mashine ya Gislaine ilirudishwa kwenye sekunde sitini wiki iliyofuata, kwa kuwa ripoti mbili za sura mbili tofauti zingewachanganya watu, na mlangoni kukawekwa zulia dogo la kufutia miguu kwa wale wanaotoka na kurudi. Jambo la zulia lilipendekezwa na Marilda. Lilisifiwa.

Jumamosi ya pili ya Oktoba alichukua gari lake akaenda Brejo das Antas. Alikuwa amepanga maneno, akayajaribu kwa sauti njiani, akayapunguza mpaka yakabaki sentensi tatu zisizo na maelezo. Kiangazi kilikuwa kimekaa sana. Pande zote mbili za barabara nyasi zilikuwa na rangi ya magunia, na baada ya lami kwisha vumbi liliingia hata vioo vikiwa vimefungwa.

Nyumba ilikuwa ya matofali, nyeupe, ya mradi wa serikali. Ile ya udongo ilibomolewa zamani na kiwanja chake kilikuwa kimeoteshwa bamia. Dona Nadir alitoka akifuta mikono kwenye aproni.

"Bikira Maria, dokta mwenyewe! Na nyumba ilivyo! Ingia, ingia, usiangalie kitu."

"Seu Orozimbo yupo?"

"Yupo, ila ametoka. Keti, atarudi sasa hivi."

Kitanda kilikuwa kimesogezwa sebuleni, karibu na dirisha. Shuka lilikuwa limebonyea kwa umbo la mtu aliyelala ubavu, na mto ulikuwa na shimo la kichwa. Marilda aliketi kando yake. Dona Nadir alimweleza, huku akichuja kahawa, kwamba siku hizi mzee anatoka hata akiwa amelala, na anakaa nje zaidi kuliko ndani, na mara nyingine anarudi na harufu ya mahali wasipopajua. Hakulalamika. Alisema ni kama kuolewa na dereva wa lori.

Shimo la mto likajaa. Orozimbo alifungua macho, akamwona mgeni, akajaribu kuinuka. Miguu yake ilikuwa imevimba kama magogo.

"Dokta! Umekuja mpaka huku, na mimi sipo nyumbani! Nadir, kwa nini hukuniita?"

"Nikuite kwa simu ipi?"

"Nisamehe, dokta. Umesafiri mchana kutwa kwa ajili yangu."

Sentensi tatu zilikuwa tayari. Marilda aliziona kama anavyoona namba kwenye skrini.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa napita tu."

Barabara ya Brejo das Antas inaishia Brejo das Antas. Mbele yake kuna mto usio na daraja. Wote watatu walijua hivyo, na wenyeji wake wawili walitikisa vichwa kukubali, ili mgeni asione haya.

Wakamlisha. Kulikuwa na kuku wa bamia, wali, maharage na maziwa ya mgando yenye sukari guru. Majirani walipata habari na wakaja kumsalimia daktari aliyekuja mwenyewe, na kila mmoja alimwambia Dona Nadir pembeni kwamba amebahatika, kwamba si kila mgonjwa anafuatwa nyumbani. Marilda aliyasikia yote. Alikula kila alichopakuliwa na hakuacha hata punje, kwa kuwa kuacha kungeonekana.

Alipoaga, kitanda kilikuwa kitupu tena. Dona Nadir alimfikisha garini na kumshika mkono kwa muda mrefu.

Alikuwa amepita mti wa mwisho wa kijiji alipoona kwamba kiti cha pembeni kina mtu. Orozimbo alikuwa amekaa katika nguo zake za kulalia, miguu pekupeku, akihangaika na mkanda wa kiti mpaka akaufunga.

"Nakusindikiza mpaka kwenye lami, dokta. Mgeni hatoki peke yake."

"Asante, Seu Orozimbo."

Akaenda, akarudi. Kila alipokuwepo alikaa wima, mikono magotini, akitazama mbele ili asionekane anamchunguza dereva. Hapakuwa na mlango wa kufunguliwa na mtu, wala mgeni wa kuingia. Walikuwa wawili tu katika gari, na barabara ilikuwa ndefu.

"Dokta, nikuulize kitu," alisema aliporudi mara ya tatu. "Kile kipimo cha kwanza, nilipokuwa natoka toka. Kilikuwa kibaya sana?"

Marilda alivuta pumzi. Alipogeuza kichwa, kiti kilikuwa kitupu na mkanda umelegea ukiwa bado umefungwa. Alikuwa na nusu dakika nzima ya kujiandaa. Alilipita daraja la mbao, akalipita zizi bovu. Kisha mkanda ukakaza.

Orozimbo alikuwa amerudi. Hakulirudia swali. Kumuuliza mtu mara mbili jambo ambalo hakulijibu ni kumwaibisha, na yeye hakulelewa hivyo. Alingoja tu, kwa heshima, akitazama barabara.

"Mawingu yale ya upande wa mto," alisema Marilda, "yana mvua."

"Yana mvua," alikubali Orozimbo upesi, kama aliyetuliwa mzigo. "Ila ni ya kupita."

"Mwaka jana ilianza mapema zaidi."

"Mapema zaidi, dokta. Mwaka jana wakati huu majani yalikuwa hapa." Akaonyesha goti lake, akaondoka.

Kila aliporudi alimkuta akizungumzia mvua, na kila mara aliyapokea mazungumzo pale yalipofika, bila kumwacha peke yake ndani yake. Walizungumza juu ya mvua ya mawe, juu ya visima, juu ya ng'ombe wanaolala kabla radi haijapiga. Nafasi kati ya kuondoka kwake na kurudi kwake zilikuwa zikirefuka. Tairi zilipogusa lami sauti ya gari ilibadilika ghafla, ikawa kimya sana, na Marilda alikuwa katikati ya kueleza kwamba kwa maoni yake itanyesha kabla ya Jumatano. Kiti kilikuwa kitupu. Alipunguza mwendo, akangoja kiasi cha wimbi moja, kisha kiasi cha mawimbi mawili. Kisha akaendelea kuzungumzia mvua, kwa sauti ileile, kwa kilomita nyingi, akiacha kila baada ya sentensi nafasi ya kutosha kwa mtu kujibu.